Msitu Ulio Kwenye Ramani

Jumamosi hiyo wanawake walikuwa wakipalilia miwa ya Mheshimiwa, kila mmoja na mstari wake. Jua lilikuwa bado halijachoma. Chupa ya chai na mkate uliofungwa kwa leso vilikuwa chini ya mwavuli mbovu kando ya shamba, na Wendy, mtoto wa Jescah aliyekuwa darasa la pili, alikuwa ameachiwa avilinde, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wamejifunza kufungua mafundo.

"Mama," Wendy akasema, "wacha niokote kuni hapa kwa miti."

"Usiende mbali," Jescah akasema bila kuinua kichwa. Magugu yalikuwa mengi, na Weldon, msimamizi wa shamba, alikuwa akipita nyuma yao akiangalia nani anaacha mizizi.

Jescah alipalilia mpaka kwenye kichuguu, ndipo akasimama kunyoosha mgongo. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Miwa ilianzia barabarani ikateremka hadi kijitoni, kisha ng'ambo ikapanda tena. Hapakuwa na mti hata mmoja. Miti ya mahali hapo ilikatwa kabla Wendy hajazaliwa, ikapakiwa kwenye malori yaliyoshika barabara ya Webuye, na visiki vikachomwa moto vikafukiwa.

Chini ya mwavuli mbuzi alikuwa akimalizia mkate.

"Mama Bravin," Jescah akamwambia Lynette, aliyekuwa kwenye mstari wa pili, "umeona Wendy?"

"Si ameenda kwa miti," Lynette akasema. Kisha naye akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

Walimwita, naye akaitika mara hiyo hiyo, kutoka katikati ya miwa. "Niko hapa, Mama! Lakini sioni njia."

Jescah akaingia. Majani ya miwa yalimkata mikono, naye akayasukuma kando akifuata sauti, hadi akafika mahali ambapo sauti haikuwa mbele wala nyuma bali karibu na kiuno chake, kama mtoto anayeongea akimwangalia juu.

"Uko karibu na nini?"

"Mti mkubwa. Mizizi yake imesimama kama ukuta. Kuna mbega huko juu, wananiangalia tu."

Jescah akanyoosha mikono, akashika majani ya miwa. Akajua kwamba yeye na mtoto wake walikuwa wamesimama mahali pamoja, na kwamba hilo halikusaidia kitu.

Nehemiah, mkataji wa miwa aliyekuwa akinoa panga upande wa barabara, alikuja akasikiliza. Aliuliza Wendy kama ule mti ulikuwa na tundu upande mmoja, linaloweza kukalisha mtu. Wendy akasema ndiyo, na kwamba alikuwa amekaa humo.

"Huo ni mukumu," Nehemiah akasema. "Ulikuwa hapa hapa. Lori lilirudi mara mbili kwa sababu yake. Basi mtoto yuko msituni."

"Msitu gani?" Weldon akauliza.

"Ule uliokatwa."

Weldon akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Alimruhusu Jescah aende kupiga ripoti, na wengine akawaambia wamalizie mistari yao kabla mvua haijanyesha.

Ofisi ya misitu iliyosimamia eneo hilo ilikuwa na bustani ya maua na kiti cha wageni. Afisa aliitwa Wandera, mtu mpole, asiyepandisha sauti. Alimkaribisha Jescah akae, akampa maji, kisha akasimama mbele ya ramani iliyofunika ukuta mzima. Upande wote wa kijiji ulikuwa umepakwa kijani.

"Amepotelea wapi, mama?"

Jescah akaweka kidole.

"Hapo ni ndani kabisa," Wandera akasema. "Msitu mnene huo."

"Hapo ni miwa."

"Kwa ramani ni msitu."

"Na mtoto yuko kwa huo wa ramani," Jescah akasema.

"Basi umekuja mahali panapofaa," Wandera akasema, akafurahi kweli, kwa sababu wengi walikuja kwake na mambo yaliyokuwa ya ofisi nyingine.

Alituma askari wa misitu wawili. Walifika na buti zao na filimbi, wakasimama kando ya shamba, wakampigia simu kwamba mbele yao kulikuwa na miwa. Wandera akawajibu kwamba miwa ni mali ya mtu na haiwahusu, wao waupekue msitu. Kwa hiyo waliupekua wakiwa barabarani. Walimsalimia Wendy kwa sauti, wakamwuliza kama kuna watu anaowaona wakikata miti huko ndani. Wendy akasema hakuna watu, ni miti tu, mingi. Askari walishukuru. Ofisini waliripoti kwamba msitu uko katika hali nzuri, na kwamba hayo yalithibitishwa na shahidi aliye ndani.

Polisi nao walimwamini. Shida yao ilikuwa mahali. Ikiwa mtoto alipotelea msituni, wenye msitu ndio waanze. Ikiwa alipotelea shambani, mwenye shamba ndiye alalamike. Mwenye shamba alikuja siku hiyo hiyo na gari lake, akateremsha kioo.

"Pole sana, mama," Mheshimiwa akasema. "Mimi pia ni mzazi. Lakini watu wasiseme mtoto amepotelea msituni ndani ya shamba langu. Mimi nina hati, na hati inasema shamba. Ukisema msitu, unaniletea maneno."

"Nikisema miwa, askari wa misitu hawaingii."

"Hayo sasa ni yenu na wao." Akamtuma dereva ateremshe unga wa ugali na sukari. Kisha akakumbuka kusema kwamba miwa ilikuwa bado michanga, isikatwe kutafutia mtu.

Kilichomchosha Jescah si kutoaminiwa. Kila aliyemwambia alimwamini. Walimsikia Wendy kwa masikio yao, wakamwuliza kama amekula, wengine wakamtania kwamba amekwepa shule. Kisha wakaenda zao. Jescah alikuwa amejiandaa kugombana na watu wabishi, na watu wabishi hawakutokea.

Alijaribu kumtoa mwenyewe. Alitembea akipiga sufuria kwa mwiko, naye Wendy akafuata mlio, akizunguka miiba na magogo ambayo Jescah hakuyaona. Walipofika barabarani Jescah alitoka kwenye miwa, lakini mtoto hakutoka popote. Msitu wa zamani haukuishia barabarani. Ulikuwa umefunika kanisa, shule na uwanja wa soko, kwa hiyo sauti ya Wendy ilivuka lami ikaendelea. Siku ya soko ilisikika kati ya mafungu ya nyanya ikiuliza njia. Muuza nyanya alimwelekeza vizuri tu, apite kwa posho mill wanaposaga mahindi kisha ashike kushoto, lakini Wendy hakuona posho mill, aliona mto.

"Usiuvuke!" Jescah akapiga kelele, akiwa amesimama katikati ya wateja. "Rudi kwa ule mti mkubwa. Kaa kwa tundu. Nitakuja mimi."

"Utakuja lini?"

"Wewe kaa tu."

Wateja walimpisha, na mmoja akamwongezea nyanya.

Kuanzia hapo Wendy alikaa kwenye mukumu, akila mapera ya mwituni. Kila alasiri Jescah aliingia kwenye miwa na kitabu cha kusoma, akamfundisha herufi na hesabu. Mume wake, Cleophas, aliyefanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari mbali na nyumbani, alipewa ruhusa ya kuja. Aliongea na mtoto kwa muda mrefu, akatoka kwenye miwa akiwa amevimba macho, na jioni hiyo ndugu zake wakaja kukaa naye.

Aliyeongea ni Isaiah, kaka yake mkubwa.

"Shemeji," akamwambia Jescah, "hakuna mtu hapa anasema mtoto haongei. Mimi mwenyewe nimemsikia, ameniuliza hali ya ng'ombe. Lakini boma haliwezi kukaa hivi. Mtu akipotea na mwili usionekane, tunazikanga mgomba. Baba zetu walizikiwa migomba walipokosa kurudi vitani. Boma likatulia."

"Hao hawakuwa wanaongea."

"Hatujui. Walikuwa mbali."

"Shemeji, unataka kuzika mtoto anayeuliza hali ya ng'ombe?"

"Nataka kuzika mgomba," Isaiah akasema kwa upole. "Mtoto mwenyewe hatumgusi. Akitoka, atatoka. Sisi tunafunga mambo ya nyumbani, watoto wengine wasianze kupotea."

Jescah akamwangalia Cleophas. Cleophas alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, na kiatu kilikuwa tayari kimeisha tope.

"Sema kitu, Baba Wendy."

"Mimi nimechoka," Cleophas akasema. "Wakizika, labda nitalala."

Mazishi yalikuwa mazuri. Mheshimiwa alitoa hema, viti, vipaza sauti na fahali. Chifu alifika, na Wandera akaja na askari wake kwa heshima ya familia. Mgomba ulikatwa nyuma ya choo, ukapimwa urefu wa Wendy kwa sare yake ya shule, ukafungwa shuka jeupe. Isaiah alisimamia kila kitu bila kukosea, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu aliyewapenda watoto wa ndugu yake.

Jescah hakuhudhuria. Alikuwa kwenye miwa.

"Mama, nasikia watu wanaimba," Wendy akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Wanazika mgomba."

"Wa kwetu? Ule wa nyuma ya choo?"

"Huo huo."

"Ulikuwa karibu kuzaa," Wendy akasema.

"Haya, tuendelee. Soma pale tulipoachia."

Cleophas alirudi kazini, na inasemekana alilala.

Miwa ilikua, ikakatwa. Jescah alikuwa ametumaini kwamba shamba likiwa wazi kitu kingeonekana. Wakataji waliingia na mapanga, matrekta yakavuta magari ya miwa, na mwishoni ardhi ikabaki tupu kutoka barabarani hadi kijitoni, mtu akaweza kuona kuku ng'ambo. Sauti ya Wendy ilikuwa pale pale katikati, hewani, juu ya makapi. Wakataji walimzunguka kwa adabu. "Mtoto, tunapita," Nehemiah alikuwa akisema, naye Wendy akijibu, "Piteni."

Kisha mvua ndefu ikaanza, miwa ikachipuka upya kutoka kwenye mashina yake, na kati ya mistari, pale visiki vilipofukiwa, kikachipuka kitu ambacho hakikuwa muwa. Jescah alikiona kwanza akidhani ni gugu. Akainama na jembe. Kilikuwa kijiti kimoja chenye majani mawili mapana, mazito, ya mukumu. Mzizi mmoja ulikuwa umeponea moto.

Jua lilikuwa limetoka. Majani yale mawili yaliangusha kivuli chini, cha ukubwa wa kikombe, na ndani ya kivuli kilikuwapo kidole cha Wendy.

Jescah akakishika. Kilikuwa cha moto, na kucha ilikuwa na uchafu.

"Mama, umenishika."

"Nimekushika."

Alijaribu kuvuta. Kidole kilipofika mwisho wa kivuli hakikuwapo tena, na Wendy akalalamika kwamba kinauma. Jescah akakirudisha kivulini, akakaa amekishika mpaka jua lilipozama na kivuli kikakosa mahali pa kukaa.

Hakukuwa na la kubishania. Kivuli kilitoa kidole. Kivuli kikikua, kingetoa mtoto. Jescah alikigeuza kijiti kile kuwa kazi yake. Alikipandishia udongo, akakitilia mbolea ya ng'ombe, akaondoa viwavi kimoja kimoja, na siku ambazo Weldon alipita alikifunika kwa makapi. Majani yakaongezeka. Mkono ukatoka hadi kwenye kifundo. Alikuja na beseni na sabuni, akauosha, akakata kucha, akaweka kwenye kiganja matonge ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya mrenda, yai la kuchemsha, penseli. Lynette alikuja kumsalimia Wendy kwa mkono, akasema kwa kweli amekonda lakini ana nguvu. Jescah alitandika gunia tupu chini, akalipima kwa macho. Kivuli kikifika ukubwa wa gunia hilo, mabega yangepita. Mabega yakipita, mengine yangefuata, kama alivyozaliwa mara ya kwanza.

Msimu ule mkono ulitoka hadi kwenye kiwiko. Ndipo Weldon akauona mti.

Hakukasirika. Alichuchumaa, akasalimiana na mkono, akasimama. "Mama Wendy, unajua miwa haipendi kivuli. Hii imeanza kuwa manjano hapa. Mheshimiwa akija ataniuliza mimi."

"Ni mti mmoja, Weldon."

"Leo ni mmoja."

Jescah akarudi ofisini kwa Wandera. Alipewa kiti kile kile na maji. Akaeleza kwamba hakuja kwa ajili ya msitu mzima, amekuja kwa ajili ya mti mmoja, usikatwe.

"Mti wa kiasili?" Wandera akauliza, akapendezwa. "Mukumu? Huo unalindwa na sheria. Nionyeshe."

Jescah akaweka kidole kwenye ramani, pale pale pa zamani, ambapo rangi ya kijani ilikuwa imeanza kufutika kwa vidole.

Wandera akashusha pumzi. "Hapo tayari ni msitu, mama. Mti ulio ndani ya msitu umeshalindwa. Siwezi kuulinda mara mbili."

"Basi mwambie Mheshimiwa."

"Nitamwambiaje Mheshimiwa asikate mti ndani ya msitu? Hiyo ni kusema yuko ndani."

"Yuko ndani."

Wandera akaangalia dirishani, kwenye maua. Hakuwa mtu mbaya. "Na mtoto je?" akauliza. "Mambo ya mtoto si yaliisha?"

"Mkono wake umetoka. Umefika hapa." Jescah akagusa kiwiko chake.

"Mama, sisi tunashughulika na waliopotea. Wako alizikwa. Chifu alitangaza, na faili ikafungwa siku hiyo."

"Uliozikwa ni mgomba."

"Najua," Wandera akasema. "Nilikuwapo. Nilikula."

Jescah akanywa maji yake yote, kwa sababu alikuwa ametembea mbali, akarudi.

Weldon alimwagiza aukate mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa kwenye mstari wake. Jescah akakataa. Weldon hakubishana, alimpa mwingine mstari, na huyo mwingine alikuwa Lynette. Lynette alipitia kwa Jescah jioni, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama Wendy, usinichukie. Bravin ameingia kidato cha kwanza."

"Nani anakuchukia? Ingia unywe chai."

"Nikikataa ataitwa mwingine, na huyo hatamwongelesha mtoto vizuri."

"Najua, Mama Bravin. Chai inapoa."

Lynette akaingia, akanywa.

Asubuhi walikwenda pamoja. Jua lilikuwa limepanda, kivuli kilikuwa kimetua vizuri, na mkono wa Wendy ulikuwa juu ya udongo, kiganja kikitazama juu, ukingoja kifungua kinywa. Jescah akaweka kiazi. Vidole vikakifumba, mkono ukazama, ukarudi mtupu. Lynette akangoja mtoto amalize kula.

"Wendy," akasema, "vuta mkono ndani. Nataka kukata."

"Sawa, Auntie. Mnakata wote?"

"Ni kidogo tu. Ndani kabisa, usije ukaumia."

Mkono ukapunga, ukaingia. Lynette akapiga panga mara moja. Utomvu mweupe ukatoka kwenye kishina, ukatiririka kama maziwa yaliyofurika sufuria, na kivuli kikabaki kimelala chini na matawi yake, bila mtu ndani. Lynette alipangusa panga kwenye majani ya miwa, akaendelea na mstari.

"Mama?"

"Niko."

"Imefungika."

"Itachipuka. Mvua bado iko."

"Nilikuwa nimeshatoa kiwiko," Wendy akasema. Sauti yake sasa haikuwa ikitoka kiunoni mwa Jescah, ilikuwa karibu na kifua.

Ulichipuka. Mukumu hauchoki haraka. Kila ulipochipuka Jescah aliutilia mbolea, na kila palizi ilipofika ulikatwa, na aliyekata alimwamkia Wendy kwanza. Weldon alihamishwa, akaja msimamizi mwingine ambaye alikuta huo ndio utaratibu, akauendeleza. Isaiah alipalilia kaburi la mgomba kila mwaka bila kukosa. Ofisini kwa Wandera wageni walikuja kutoka Nairobi, wakaonyeshwa ramani mpya, kijani chake kimekoza kuliko cha ile ya kwanza.

Baada ya palizi ya mwisho, mvua iliponyesha, kishina kilitoa majani mawili. Jescah alifika na beseni, akaketi juu ya gunia lake, akangoja jua. Lilipotoka, kivuli kilianguka chini, cha ukubwa wa kikombe kama siku zote, na Wendy akajaribu kutoa kidole. Hakikuenea. Kilikuwa kimekuwa kirefu, kidole cha msichana mkubwa, na kivuli cha majani mawili kiliishia kwenye kiungo cha kwanza.

Jescah akalowesha kitambaa, akapaka sabuni, akaosha sehemu iliyoonekana.